Zamu ya Chai

Nilihamia Iringa kutoka Mbeya mwezi wa saba, wakati ambao baridi ya Iringa haimwonei mtu huruma. Nilizaliwa na kukulia kwenye miinuko nje ya jiji la Mbeya, baba na mama wakilima viazi, kwa hiyo siku ya kwanza niliwaambia walimu wenzangu kwamba mimi na baridi tumelelewa pamoja. Siku ya pili nilikuja nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Walicheka mpaka wengine wakaweka chaki chini, na nadhani hapo ndipo waliponipokea.

Shule yetu ya msingi ilikuwa kilimani, upande wa kwenda Tosamaganga. Mwalimu mkuu alikuwa Mbena mpole, mtu wa semina. Akiitwa semina alikwenda kwa furaha, akirudi alirudi na kitu: begi la kitambaa, kalamu, au wazo. Mara hii alirudi na vyote vitatu, na fulana nyeupe iliyoandikwa kifuani SOTE NI SAWA. Fulana ilikuwa ndogo kuliko yeye, lakini aliivaa juu ya shati na tai, akaitisha kikao. Akasema kila shule sasa inatakiwa kuwa na mwalimu wa usawa, wa kuhakikisha hakuna mtoto anayebaguliwa. Kisha akanitazama. Akasema Wanyakyusa hatuna aibu ya kusema, na kazi hiyo inataka mtu wa kusema. Nilitaka kumwambia kwamba kunichagua kwa kabila langu hakufanani sana na maandishi ya kifuani, ila nilikuwa mgeni. Nikashukuru.

Nilianza na darasa la sita, ambalo nililifundisha Kiswahili. Niliwauliza wanafunzi wanieleze ni wapi pale shuleni wameona watu hawatendewi sawa. Jibu nilikuwa nalo tayari mfukoni. Kila asubuhi wasichana walifagia madarasa huku wavulana wamekaa kwenye ukuta wakiwasubiri wamalize, na nilikuwa nimejiandaa kulikemea hilo kwa hotuba nzuri. Wavulana wakaniwahi. Mmoja alilalamika kwamba msichana akilia anasamehewa, mvulana akilia anaongezewa. Mwingine akasema watoto wa walimu hawakaguliwi kucha. Nikawa naandika ubaoni, hotuba yangu inapoa.

Nyuma kabisa, kwenye dawati la peke yake, akanyoosha mkono msichana mmoja mwembamba ambaye hakuwa na kawaida ya kunyoosha. Wenzake walikaa watatu watatu, hata wanne, yeye alikuwa na dawati zima. Nilikuwa nimeambiwa tu kwamba ana tatizo la kuanguka, kwamba wazazi wake wapo Chunya wanachimba dhahabu, na kwamba bibi yake ndiye aliyemleta Iringa. Kule mashimo ni mengi, bibi alisema, na mtoto anayeanguka hafai kukaa penye mashimo. Lile dawati nililichukulia kama hisani aliyofanyiwa mgonjwa.

Alisimama akasema, bila kuharakisha, "Mwalimu, walimu wote mna mishahara, lakini chai wanachemsha walimu wa kike tu. Na maji ya chai tunachota sisi wasichana."

Niliandika jambo hilo ubaoni, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuandika kila kitakachosemwa. Nilipogeuka, niliona kwamba wote wananitazama kuona nitafanya nini.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa na jiko la mkaa kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu, na kila saa nne tulikunywa chai. Aliyeipika kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama tu, hata mwalimu mkuu. Siku akiwa hayupo, alipika mwingine wa kike. Mimi mwenyewe nilishapika, na wala sikujiuliza.

Nikalipeleka kwenye kikao cha walimu. Nilisema kwamba wanafunzi wameuliza, nikaacha kumtaja aliyeuliza. Mwalimu wa hisabati alieleza kwamba huo si ubaguzi bali ni mgawanyo wa kazi, kwani wanaume ndio wanaobeba gunia la mkaa. Mama akamuuliza lini alilibeba. Ikaonekana kwamba gunia huletwa na bodaboda hadi mlangoni, na bodaboda huyo huliingiza mwenyewe. Mwalimu wa nidhamu, Mhehe mrefu mwenye sauti ambayo watoto waliisikia hata asipozungumza, alikuwa akichonga penseli kwa kisu. Macho yote yakamwendea mwalimu mkuu, na siku hiyo, kwa bahati yangu, alikuwa amevaa ile fulana. Alijitazama kifuani kwa muda. Kisha akasema tutapika kwa zamu, wote, na yeye ataanza.

Chai ya mwalimu mkuu ilikuwa nyeupe. Alikuwa ameweka maziwa, sukari na hiliki, akasahau majani. Alitumiminia mwenyewe, amesimama, akatuuliza tunaionaje. Tuliinywa yote, tukasema ndaga fijo, kamwene, na kila shukrani na salamu iliyokuwepo kwenye lugha za pale ofisini, maana huyo ni mkuu. Mwalimu wa hisabati alipika kwa vipimo. Alipima maji kwa kikombe, akayarudia kuyapima kwa sababu mtu alimsemesha katikati, na chai yake ilifika mezani kengele ya mchana imeshagongwa. Mwalimu wa sayansi alichemsha majani mpaka yakakata tamaa. Aliyekunywa kikombe kimoja hakusinzia mpaka kesho yake.

Ikafika zamu ya mwalimu wa nidhamu. Tulidhani atakataa, na wengine walikuja mapema kushuhudia ugomvi. Tulimkuta kibarazani amefunga kitenge kiunoni, jiko limeshika vizuri bila moshi, anatwanga tangawizi. Pembeni kulikuwa na beseni la maandazi ya moto aliyoyakaanga nyumbani kwake kabla ya kuja. Chai ile ilikuwa ya kunywa huku umefumba macho. Alipoulizwa amejifunzia wapi, alisema mama yake alizaa wavulana watupu, na aliwaambia tangu wadogo kwamba njaa haijui mvulana wala msichana. Basi. Akarudi kwenye penseli zake.

Kuanzia hapo usawa wangu ukaingia matatani kwa njia ambayo semina haikuitaja. Walimu wote, wa kike kwa wa kiume, walitaka mwalimu wa nidhamu apike kila siku. Yeye alikataa katakata, akasema zamu ni zamu, na kumpikisha mtu kila siku kwa sababu anajua ndiko huko huko tulikotoka. Na Mama alinuna. Alikaa pembeni, akanywa maji ya moto aliyoyaleta na chupa yake kutoka nyumbani. Nilipomfuata akaniambia kwamba chai yake imenywewa miaka yote hakuna aliyefumba macho, leo mwanaume kapika mara moja watu wanataka kumchagua mbunge. Na kweli, hata mimi nilifumba. Aliyelimaliza ni mwalimu wa nidhamu mwenyewe. Alikwenda akainama mbele yake na kumwambia kwamba ile chai ni yake Mama, ameiiga, ameongeza tangawizi tu. Mama akasema alijua. Zamu iliyofuata aliweka tangawizi mara mbili, tukakohoa wote, na tukaapa kwamba haijawahi kupikwa chai kama hiyo.

Habari zilifika darasani, kwa sababu watoto walikuwa wakichungulia kibarazani kila saa nne. Mwalimu wa nidhamu akiwa na kitenge kiunoni alifanya kazi ambayo hotuba yangu isingeifanya. Wavulana walishuka ukutani wakashika mafagio, wengine kwa utani kwanza, baadaye kwa mazoea. Nikaona nirudi darasa la sita na swali lile lile: wapi pengine?

Mara hii hakuna aliyenyoosha mkono haraka. Wakawa wanatazamana. Mwishowe mvulana mmoja wa mbele, yule wa kucha, akasema polepole kwamba kipo kikombe. Nikamuuliza kikombe gani. Akaonyesha nyuma kwa kidevu.

Shuleni tulikunywa uji, na vikombe vya plastiki vilikuwa vya wote. Kimoja kilikuwa kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye mkono. Hicho kilikuwa cha yule msichana. Kilioshwa peke yake, kikaanikwa peke yake, na mtoto aliyekigusa kwa bahati mbaya alikimbilia bombani kunawa. Walisema mapovu yanayomtoka akianguka yanaambukiza. Hata lile dawati halikuwa hisani. Wazazi wa aliyekuwa akikaa naye walikuja shuleni wakataka mtoto wao ahamishwe, na baada ya huyo hakuna aliyekubali kupangwa hapo.

Nilimtazama msichana mwenyewe. Yeye ndiye aliyetusemea habari ya chai, na la kwake hakulisema. Alikuwa akitazama dirishani kama mtu ambaye yanayozungumzwa ni ya nyumba ya jirani. Baada ya kipindi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alifikiri kidogo, akasema, "La chai nilijua mnaweza kulibadilisha."

Nilikwenda nalo ofisini sina hamu ya utani. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akashika kichwa. Kuwaamrisha watoto ni rahisi, alisema, lakini jioni watoto wanarudi kwa wazazi. Tukakubaliana aitwe mganga wa zahanati ya jirani, dada mmoja kijana aliyejua kueleza, aje kwenye kikao cha wazazi.

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi uwanjani. Kulikuwa na ukungu, na wazazi walikuja wengi kwa sababu tuliwatangazia chai, na sifa za chai yetu zilikuwa zimeshashuka mpaka bondeni. Zamu ilikuwa ya mwalimu wa nidhamu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza na birika kubwa, kitenge kiunoni, na akina mama walikuwa wakimnong'ona. Mimi nilikuwa nimekiweka mezani kile kikombe chenye rangi nyekundu ili mganga akionyeshe.

Mganga alieleza vizuri. Alisema kifafa ni ugonjwa unaotoka kichwani, hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, si kwa mate, si kwa kikombe, si kwa kukaa pamoja. Alisema mtoto akianguka alazwe kwa ubavu, vitu vya kumuumiza viondolewe, asitiwe chochote mdomoni, watu wasubiri naye. Mtoto huyu anakunywa vidonge kila siku, akasema, na anaendelea vizuri. Wazazi waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kisha baba mmoja, mkulima wa mahindi ambaye alikuwa na watoto watatu shuleni na asiye mtu mbaya hata kidogo, akasimama na kumshukuru sana mganga kwa elimu yake. Akasema wote wamemwelewa. Ila mtoto aendelee kukaa kule kule.

Watu wakaguna kukubali. Bibi wa yule msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mbele, mikono mapajani, hakuinua uso. Nilitafuta la kusema. Mimi, Mnyakyusa niliyechaguliwa kwa kusema, sikupata neno.

Mwalimu wa nidhamu akachukua kile kikombe. Alimimina chai kutoka kwenye birika mpaka juu, akakiinua ili hata wa nyuma waone ule mkono mwekundu, akanywa. Nadhani alitaka kunywa kwa ushujaa. Ushujaa wake ulikuwa mkubwa kuliko busara yake, kwa sababu birika lilikuwa limetoka jikoni muda huo huo, na yeye alipiga funda zima.

Macho yakamtoka. Akashika ukingo wa meza. Uso ukabadilika rangi, machozi yakamshuka, na mdomo ukabaki wazi bila sauti huku mkono mmoja ukipunga hewani. Chai kidogo ilimtoka pembeni mwa midomo, na kwa jinsi alivyoweka maziwa mengi ilifanana kabisa na povu.

Uwanja mzima ukarudi nyuma. Mzee mmoja akasema, "Tayari, kimempata." Mama mmoja alikuwa ameshamshika mwanawe na kuanza kuondoka. Mganga alinyanyuka kwenda kumsaidia, akajikwaa kwenye mguu wa benchi.

Bibi ndiye aliyesimama. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini alizungumza kama anayewafukuza kuku kwenye mahindi. "Kaeni chini. Huyo kaungua ulimi. Kifafa nakijua mimi, hakina tangawizi."

Kisha mwalimu wa nidhamu akafanikiwa kutoa sauti, na neno la kwanza alilolitoa lilikuwa "maji." Yule baba wa mahindi alicheka kwanza. Alicheka akiwa bado amesimama, akijaribu kujizuia kwa kofia, na akina mama wakamfuata, na mwisho hata wale waliokuwa wameshafika njiani walirudi kuuliza kumetokea nini, wakasimuliwa, wakaanza upya. Mganga alichukua kikombe kile kile, akamimina, akapuliza vizuri, akanywa. Baada yake mwalimu mkuu. Yeye alipuliza muda mrefu sana mpaka watu wakaanza kumhesabia. Bibi alipopewa alikataa, akasema yeye huwa anakinywea kila siku nyumbani kikombe cha mjukuu wake na hajaona la ajabu.

Sitaki kusema kwamba jambo liliisha siku ile. Jumatatu mama mmoja alikuja kuomba mtoto wake asikae na yule msichana dawati la nyuma, tulikompanga, akaniambia kwamba ameelewa ila moyo wake haujaelewa. Tulimhamishia mtoto dirishani, na dirisha lile lilikuwa halina kioo. Alivumilia upepo siku chache, kisha akarudi mwenyewe kwenye dawati la nyuma, akisema kule kuna joto la watu. Mama yake alipokuja tena hakuulizia.

Ile rangi ya kucha Mama aliikwangua kwa kisu cha vitunguu, na vikombe vikaoshwa vyote katika beseni moja. Dawati la nyuma likajaa watu wanne. Baada ya wiki chache msichana alinifuata kuuliza kama anaweza kurudishiwa dawati lake peke yake, kwa sababu wenzake wana viwiko. Nikamwambia haiwezekani, kubanana ndiko kukaa sawa. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Muhula uliofuata alianguka darasani, katikati ya kipindi changu. Kusema kweli mimi ndiye niliyeganda. Watoto walisogeza madawati, wakamlaza kwa ubavu, mmoja akakunja sweta yake akamwekea kichwani, mwingine akawafukuza wa darasa la tano waliojaa mlangoni. Yule mvulana wa kucha aliniambia kwa upole, "Mwalimu, tunasubiri tu." Basi nikakaa sakafuni nikasubiri nao. Alipoamka alikuwa mchovu na ameona aibu, akauliza tumefika wapi. Wenzake wakamwambia tupo kwenye methali, na kwamba hajakosa kitu cha maana.

Sasa yupo darasa la saba. Juzi alichelewa shuleni, naye alichelewa kwa uzembe wa kawaida, alikuwa akicheza njiani na rafiki yake. Nilimpa adhabu ya kufagia uwanja kama ninavyompa yeyote. Kesho yake asubuhi bibi yake alikuwa amesimama nje ya ofisi ya walimu, kitenge kimefungwa vizuri begani. Niliogopa kidogo. Siku zote bibi huyu alikuja shuleni kuomba radhi kwa usumbufu wa mjukuu wake, au kushukuru, na wakati mwingine kwa yote mawili kwa pamoja.

Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Aliitikia marahaba bila kutabasamu. Akaanza kunieleza kwamba watoto walikuwa wawili, walitoka nyumbani pamoja, walicheza pamoja na walichelewa pamoja. Kwa nini mmoja kafagia na mwenzake kaonywa kwa mdomo tu? Nikamweleza kwamba yule mwenzake alikimbia akaingia getini kabla kengele haijanyamaza. Bibi akasema kukimbia si hoja, kuchelewa ni kuchelewa, na kama mimi ndiye mwalimu wa usawa basi huo ni usawa wa aina gani. Alisema atalileta kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu wa nidhamu, aliyekuwa kibarazani anapepea jiko, alijifanya hasikii.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Njia nzima alikuwa akinilaumu, na neno ugonjwa hakulitaja hata mara moja.